Kuwatoa watoto wikiendi, Mbeya

Wakuu habari, Jumamosi nataka kuwapeleka wanangu, wa miaka 3 na 7, kwenye mabembea na treni ya watoto, tunatokea Uyole, niende saa ngapi?

> Mkuu Julai hii Mbeya asubuhi baridi kali, nenda kuanzia saa tano jua likishachomoza vizuri, na masweta na soksi nene usisahau maana kwenye lile puto la kurukia viatu wanavuliwa.

> Huyo wa miaka 3 usimwachie arukeruke na wakubwa, watamkanyaga, subiri wapungue afu simama pale mlangoni umwone.

Asanteni sana, na msosi je?

> Wale baada ya kubembea jamani, wangu alikula chipsi mayai kwanza, ile ya kuzunguka ikamtapisha zote.