Mita 3000 kuruka viunzi na maji: wanaume wetu wa Kenya wamepatwa na nini?

Wadau, nauliza kwa uchungu. Fainali ya mashindano ya dunia ya Tokyo 2025 niliitazamia kwa kinyozi hapa Kawangware, mashine ya kunyolea ikazimwa mzunguko wa mwisho. Dhahabu ikaenda New Zealand! Beamish wao alimpita El Bakkali wa Morocco kwenye utepe, sisi tukaambulia shaba ya Edmund Serem. Olimpiki tulizishinda hizi mbio mfululizo 1984 hadi 2016. Shida ni nini?

— Mwendo, ndugu yangu. Zile za Tokyo zilikuwa dakika 8:33, matembezi! Rio 2016 Conseslus Kipruto alishinda kwa 8:03.28. Mkijikokota hivyo, mnambeba mwenye kasi ya mwisho hadi mlangoni. Lazima mmoja wetu ajitoe kuvuta mapema.

— Na kina dada mnawaruka? Faith Cherotich alitwaa dhahabu ya viunzi hukohuko Tokyo. Kenya ilipata dhahabu saba, sita za wanawake. Bila Wanyonyi wa mita 800, wanaume wangerudi bila dhahabu hata moja. Odira naye akafuta rekodi ya mashindano ya mita 800 kwa wanawake, ya tangu 1983.

— Dada, hapo sibishi. Ila hao wanaume, nani atakubali kujitoa?

— Serem asiguswe. Bado mdogo, shaba inatosha.