Fundi kapaka rangi juu ya marumaru za bafu la mama, miezi minne tu ukuta wote unabanduka!

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikirukaruka. Muda huu nimetoka bafuni kwa mama, Tabata, na kwenye kucha bado nina vipande vya rangi.

Nyumba aliijenga marehemu mzee mwaka 1994. Bafu lina marumaru zile ndogo za zamani, sentimita 15 kwa 15, za pinki, zimepanda mpaka juu ya kichwa. Zilishafubaa siku nyingi. Grauti, ule ujazo wa katikati ya marumaru, ilikuwa nyeusi, na maji ya kisima yenye chumvi yalishaacha utando mweupe ambao ukisugua leo, wiki ijayo umerudi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaolewa, wageni wanakuja kulala, mama akasema bafu linamtia aibu. Nikatafuta fundi.

Nilimuuliza swali moja la wazi: tung'oe tuweke mpya, au tupake rangi juu yake? Alisimama mlangoni, ndani hakuingia. Akasema, "Bosi, kung'oa ni kujitia hasara. Hapa tunapiga rangi ya mafuta mikono miwili, bafu linakuwa jipya kabisa. Miaka mitano hugusi." Mama yuko pale anasikiliza, anafurahi. Nikakubali.

Kinachoniuma ni kwamba hakugonga hata marumaru moja. Hakuuliza bomba limepita wapi. Hakuuliza upande wa pili wa ukuta kuna nini. Fundi anayejiita fundi anatoa jibu la ukuta ambao hajaugusa!

Kazi aliimaliza siku moja. Asubuhi akafuta kwa kitambaa na sabuni ya unga, mchana mkono wa kwanza, jioni mkono wa pili. Msasa hakupiga. Praima, ile rangi ya chini ya kushikisha, hakuna, nilipouliza akasema rangi yenyewe ni nzito, inashika. Ile silikoni, gundi ya mpira ya kuziba maji, iliyooza kwenye kona akaipaka rangi vilevile ilivyo. Kesho yake asubuhi mama akaoga, kwa kuwa aliambiwa imeshakauka. Ufundi 150,000, vifaa 95,000. Jumla 245,000 imetoka mfukoni kwangu.

Wiki ya sita yakaanza malengelenge chini ya shawa. Nilidhani ni joto. Mwezi wa tatu mama akanipigia kwamba maji hayaendi, kufungua tundu la sakafuni nakuta limezibwa na magamba ya rangi. Leo nimeshika ncha moja kwa kucha nikavuta, ikaja shuka nzima kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa, na nyuma yake maji yakatiririka kwenye mkono wangu. Maji yanayonuka, wakuu. Chini ya rangi marumaru iko vilevile kama kabla ya kupakwa, maana yake rangi haikuwahi kushika hata dakika moja.

Nikamwita mzee mmoja wa Buguruni, amebandika marumaru maisha yake yote. Alichofanya cha kwanza ni kutoa sarafu mfukoni na kuanza kugonga, moja baada ya nyingine, kuanzia chini. Nzima inalia kavu, "ko, ko". Iliyoachia inalia kama debe tupu. Ukuta wa shawa, kati ya kila kumi, saba zilikuwa tupu nyuma. Akaniuliza, "Mwanangu, chumba cha upande huu analala nani?" Mama. Tukaenda kuangalia nyuma ya kabati lake: rangi ya ukuta imevimba, inadondoka unga mweupe, na nguo za chini kabatini zina ukungu. Mama anasema hali hiyo ina zaidi ya mwaka, alidhani ni unyevu wa masika.

Tukang'oa marumaru sita. Hazikuhitaji nguvu, patasi ilizigusa tu zikaja. Nyuma lipu imelowa mpaka unaichota kwa kidole. Na ndani kabisa kiwiko cha bomba la chuma, la mwaka huohuo 1994, kimeliwa na kutu, kinatoa tone moja kila ukihesabu mpaka tatu. Usiku na mchana!

Hapo ndipo hasira iliponipanda kweli. Bomba ni la zamani, kuvuja si kosa la fundi wa rangi. Lakini dakika mbili za kugonga na kuchungulia chumba cha pili zingetuambia kila kitu, tukatengeneza kabla ya harusi. Yeye akatufunikia tatizo, sisi tukakaa miezi minne mingine tunaona ukuta unapendeza huku lipu inaoza.

Mzee wa Buguruni alinieleza jambo ambalo kila mwenye bafu la zamani anapaswa kulijua kabla ya kutoa hela. Uso wa marumaru ya ukutani ni kama kioo, haunywi kitu. Ukuta wa lipu unakunywa rangi, ndiyo maana inashika. Marumaru lazima uilazimishe: uondoe mafuta ya sabuni yote, utoe huo utando wa chumvi, ukwangue silikoni yote maana rangi haikai juu ya silikoni, upige msasa mpaka ule mng'ao ufe, ufute vumbi, ukauke, kisha praima ya kushika kwenye sehemu laini, ndipo rangi ya epoksi ile ya makopo mawili unayochanganya. Halafu bafu halioni maji kwa siku kadhaa, kadiri kopo linavyosema. Sasa nyumba yenye bafu moja, nani atafunga bafu siku zote hizo? Ndiyo maana wanatupigia rangi ya mafuta na kuondoka.

Sisemi rangi haifai kabisa. Shemeji yangu alipaka marumaru za jikoni kwake kwa utaratibu huohuo, mwaka wa tatu huu iko vizuri. Lakini ni jikoni, ukuta mkavu, marumaru zote nzima, maji yanarukia kidogo tu. Hata choo cha wageni chenye sinki peke yake ningepaka. Chini ya shawa inayotumika kila siku, juu ya marumaru zilizoachia? Hapana. Na msikubali pia ile ya kubandika mpya juu ya za zamani kama za chini zinalia tupu, mnaongeza uzito juu ya kitu kinachodondoka.

Sasa hesabu ninayotakiwa kulipa. Kung'oa na kupiga lipu upya 160,000. Kubandika 120,000. Marumaru katoni 8 za 28,000, hiyo ni 224,000. Gundi mifuko mitatu 54,000. Saruji, mchanga, dawa ya kuzuia maji na grauti 95,000. Jumla 653,000, na fundi bomba bado hajanipa bei ya kutoa chuma chote na kuweka mabomba ya plastiki ya kuunganisha kwa moto. Na lipu lazima ikauke kwanza, kwa hiyo mama, na miaka yake 71, anaogea kwa jirani, anavuka barabara na ndoo yake na kanga.

Nimempigia yule fundi mara nne. Mara ya nne kapokea: "Bosi, rangi ulinunua mwenyewe dukani, mimi nilipaka tu." Rangi aliichagua yeye, tulikwenda naye dukani, na karatasi aliyoniandikia orodha kwa mkono wake ninayo!

Nimeshaongea na mjumbe wetu, ametuita wote wawili Jumamosi saa 4 asubuhi. Nakwenda na ile karatasi, picha za ukuta, na shuka la rangi nililolibandua leo. Sidai gharama za bomba. Nadai 150,000 yangu ya ufundi. Kama kuna mdau amewahi kumfikisha fundi kwa mjumbe au serikali ya mtaa akarudishiwa hela, naomba anieleze alikwenda na ushahidi gani, kabla ya Jumamosi.