Klemu 17 zimerudishwa kwa "msimbo si sahihi": muuza dawa ndiye sasa apime wagonjwa?

Assalamu alaykum na salamu kwenu nyote, hasa mnaotoa dawa kwa kadi za bima hapa Mombasa.

Siku tatu zilizopita, kabla sijamaliza kufungua duka langu hapa Kisauni, nilipata barua pepe kutoka kampuni moja ya bima ambayo sitaitaja, kwa sababu bado nina mkataba nayo na bado imekalia pesa zangu. Kati ya klemu 43, yaani madai ya kulipwa dawa nilizotoa kwa kadi zao, nilizowapelekea zaidi ya miezi miwili nyuma, 17 zimekataliwa, na mbele ya kila moja yameandikwa maneno yale yale: "Msimbo si sahihi au taarifa hazijakamilika." Ni msimbo upi, yaani ile alama ya herufi na tarakimu inayotaja ugonjwa, hawakusema. Ni taarifa zipi, hawakusema. Nimepewa siku 14 za kuzirekebisha na kuzirudisha, la sivyo dawa hizo zihesabiwe kuwa nimezitoa sadaka. Wanaodhani nazungumzia SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, wasinielewe vibaya; hawa ni bima ya binafsi, na wateja wao wengi ni wafanyakazi wanaokatwa mshahara kila mwezi ili wapate dawa bila kutoa pesa kaunta.

Dawa zenyewe zimeshamezwa. Muuzaji wa jumla aliyenikopesha alishalipwa ndani ya siku 30 kama tulivyoandikiana, kwa hiyo anayefadhili bima hii kwa sasa ni mimi.

Usiku ule baada ya Isha tulikaa na msaidizi wangu, tukatandaza vyeti vyote 17 vya daktari juu ya kaunta na kuvipitia kimoja kimoja. Nianze na makosa yetu, nisije nikaambiwa nyani haoni kundule. Klemu nne zilikuwa za wagonjwa wa shinikizo la damu. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, ambalo ndilo bima hii inalitumia, shinikizo la kawaida la damu huandikwa herufi I ikifuatwa na tarakimu 10. Msaidizi wangu aliandika tarakimu tatu: 110. Ukiitazama kwenye kioo cha kompyuta yetu iliyochoka, I10 na 110 ni mapacha. Kosa ni letu na nimelikubali.

Hata hivyo nina swali. Katika toleo hilo la 10 kila msimbo huanza na herufi, hakuna hata mmoja unaoanza na tarakimu. Mfumo wao wa mtandaoni uliipokea ile 110, ukaweka alama ya kijani, ukatoa namba ya kumbukumbu, ukamwambia mgonjwa aweke kidole na ukapunguza salio la kadi yake papo hapo. Kama ulijua kuhesabu salio, ulishindwaje kujua kwamba ugonjwa namba 110 haupo duniani? Hata M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijatoka. Hawa wananiacha nitoe dawa, nimuage mteja, nisubiri siku sitini na ushei, ndipo waniambie nilikosea herufi.

Klemu sita nyingine hazikuwa na msimbo kabisa, na hapo ndipo damu ilinichemka. Cheti kinakuja na jina la mgonjwa, jina la dawa, dozi, siku, sahihi na muhuri wa zahanati, lakini mahali pa kuandika ugonjwa pako wazi kama kiwanja. Mgonjwa ametoka Likoni, amevuka feri, ameshuka matatu mbili, na zahanati iliyomwandikia haipokei simu. Nilipompigia afisa wa klemu wa bima kumuuliza nifanye nini, alinijibu kwa sauti ya mtu anayekunywa chai: "Weka tu msimbo unaofaa hiyo dawa."

Unaofaa kwa kipimo gani? Dawa moja hutibu maradhi mengi. Amlodipini hutolewa kwa shinikizo la damu na pia kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu ya kutosha, ambayo ni I20. Propranololi inaweza kuwa ya shinikizo, ya kipandauso, ya mtetemeko wa mikono au ya tezi ya shingo iliyozidisha kazi. Metformini wengi wanaijua kwa kisukari, lakini wapo kina dada wanaoandikiwa kwa sababu ya vifuko kwenye ovari na hawajawahi kuugua kisukari maishani mwao.

Nitawapa mfano mmoja uliomo ndani ya zile sita. Kuna bi mmoja wa Majengo, mtu mzima, ambaye kila mwezi huja kuchukua amitriptilini ya miligramu 10 ya kumeza usiku. Mimi najua kwa sababu amenieleza mwenyewe, akivua ndara na kunionyesha: nyayo zinamuwaka moto usiku kutokana na kisukari kilichoharibu mishipa ya fahamu. Msimbo wake ni E11.4. Lakini mtu asiyemjua, akiitazama dawa peke yake, ataandika F32, yaani sonona, kwa kuwa amitriptilini ni dawa ya zamani ya sonona. Msimbo ukishaingia kwenye faili la bima hautoki. Mwaka ujao bima yake ikihuishwa ataulizwa habari za ugonjwa wa akili ambao hana, na aliyemwandikia ugonjwa huo atakuwa mimi, niliyeambiwa niweke "unaofaa". Hiyo si kurekebisha klemu, ni kughushi. Siku watakapokuja wakaguzi wao na kulinganisha cheti na klemu, hawatamkumbuka yule afisa wa simu.

Afisa huyo huyo aliniambia nipige picha vyeti vyote nimtumie kwenye WhatsApp yake binafsi. Nilikataa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na simu ya mtu si kabati la kampuni.

Sasa niwaeleze habari ya insulini, kwa kuwa naamini wengi wenu mmeliwa hapa bila kujua. Tuna mzee wa Mji wa Kale anayejidunga insulini ya glargini yuniti 20 kila usiku. Kalamu moja ya kujidungia ina mililita 3, na kila mililita ina yuniti 100, kwa hiyo kalamu ina yuniti 300. Boksi zima lina kalamu tano. Bima hairuhusu dawa za zaidi ya siku 30, basi tulifungua boksi, tukampa kalamu mbili, na kwenye sehemu ya idadi tukaandika 2. Klemu ikakataliwa. Nilipiga simu mara tatu ndipo nikaambiwa kwamba katika orodha yao ya bei kipimo cha dawa hiyo ni boksi, hivyo ile 2 yetu ilisomwa kuwa maboksi mawili, kalamu kumi, yuniti 3,000, dawa za siku 150. Mwezi uliotangulia tuliandika 6 kwa kuhesabu mililita, na ikapita bila neno. Kwenye fomu hakuna mahali palipoandikwa kama idadi ni ya boksi, ya kalamu au ya mililita. Unabahatisha, kisha unaadhibiwa kwa kubahatisha.

Na hata tukikubaliana juu ya idadi, hesabu yao ya siku haimfai mzee wa watu. Mfumo unagawa 300 kwa 20 na kupata siku 15 kwa kalamu, mbili zikawa siku 30 kamili. Lakini karatasi iliyomo ndani ya boksi inamtaka mgonjwa, kabla ya kila kujidunga, atoe yuniti 2 hewani ili ahakikishe sindano haijaziba. Hivyo kila usiku zinatoka 22, si 20. Baada ya usiku wa 13 kalamu imebaki na yuniti 14, ambazo hazitoshi dozi moja, na mzee mwenye macho hafifu hatakaa kujidunga mara mbili ili aunganishe mabaki na kalamu mpya, anaitupa. Kalamu mbili ni usiku 26. Siku ya 27 anafika kaunta na kadi yake, na mfumo unasema: "Mapema mno." Mara ya mwisho nilimpa kalamu ya tatu kutoka kwenye friji kwa imani yangu, nikaandika daftarini kama deni la mchele.

Klemu mbili zilikataliwa kwa sababu zahanati moja ya Nyali imeweka programu mpya inayotumia toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, ambamo shinikizo la damu ni BA00 na kisukari cha aina ya pili ni 5A11. Daktari hakukosea hata kidogo. Bima inasoma toleo la 10 tu, na haikumwambia mtu yeyote. Zilizobaki zilikuwa na tarehe ya cheti na tarehe ya kutolewa dawa zisizolingana, jambo la kawaida kwa mgonjwa aliyesubiri mwisho wa mwezi.

Ukishagundua kosa, usidhani umepona. Fomu ya kusahihisha haipo. Ukiingiza upya klemu iliyorekebishwa, mfumo unaipa namba mpya, unaiona dawa ile ile, mgonjwa yule yule na siku ile ile, kisha unaikataa kwa sababu "imerudiwa". Ukiomba ile ya kwanza ifutwe, unaambiwa iliyokataliwa haifutiki. Na muda wa mwisho wa kuwasilisha wanauhesabu tangu siku mgonjwa alipochukua dawa, si tangu siku walipokukatalia, ilhali siku zaidi ya 60 kati ya hizo zilikaa mezani kwao.

Ninachowadai si fadhila. Msimbo usiokuwepo katika orodha ukataliwe pale pale kaunta, mgonjwa akiwa bado amesimama mbele yangu na cheti mkononi. Barua ya kukataa itaje sehemu iliyokosewa. Kipimo cha idadi kiandikwe kwenye fomu. Na zahanati walizoingia nazo mkataba wao wenyewe ziambiwe kwamba cheti kisicho na ugonjwa si cheti kamili, badala ya kumsukumia mzigo mtu wa mwisho kwenye foleni. Madaktari mliomo humu, nanyi nawasihi: ni herufi moja na tarakimu mbili tatu, haichukui nafasi kubwa kuliko sahihi yenu.

Kesho nitamtuma msaidizi wangu azunguke zahanati zile na vyeti sita mkononi, avuke feri mwenyewe, akaombe kila daktari aandike ugonjwa kwa mkono wake na kutia sahihi upya. Zile nne za 110 na ile ya insulini nitazirudisha kwa barua iliyochapwa, niipeleke ofisini kwao mjini na nigongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Nimebakiwa na siku 11. Kama kuna aliyewahi kurudisha klemu iliyorekebishwa ikapita bila kuambiwa imerudiwa, naomba aandike hapa aliitumia namba ipi, ile ya zamani au mpya, na aliiwasilisha kwa njia gani.