Ng'ombe kaibiwa ritifaa (kile kialama cha '), halafu mnaniambia "si umeelewa?"

Wakuu, salaam. Leo sina utani, na mwenye matusi ayaweke akiba hadi nimalize.

Juzi kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, darasa la pili anakosoma mwanangu, uliingia ujumbe: "Kesho kila mtoto aje na picha ya ngombe." Nikapita kimya, nimeshazoea. Jioni mtoto kaichukua simu anasoma mwenyewe kwa sauti, kidole juu ya kioo: ngo-mbe. Ngo ileile ya ngoma. Akanigeukia: "Baba, ngombe ni mdudu gani?" Mtoto huyu kila Desemba anawaswaga ng'ombe wa babu yake kwenda kunywa maji! Mnyama anamjua, jina analijua, kachanganywa na mtu mzima aliyeona uvivu kubonyeza alama moja.

Nikaandika kwa adabu zote: "Samahani mwalimu, ni ng'ombe." Weee, nilijuta. Wa kwanza: "Si umeelewa lakini?" Wa pili: "Hapa si darasa la Kiswahili kaka." Jamani, ni grupu la SHULE. Wa tatu hakusema neno, katupia vile vikatuni vinavyocheka hadi machozi, saba nilivihesabu.

Sasa hiyo "si umeelewa" naomba tuelewane nayo. Mwingereza akiandika dont badala ya don't, anaisoma vilevile. Kwao alama ile inaonyesha tu kuna herufi imerukwa, au kitu hiki ni cha fulani. Wakizozana kama ina umuhimu kwenye meseji za haraka, ni ugomvi wao na wana haki ya kuuita mdogo. Sisi tumeubeba ugomvi huo mzima mzima wakati ritifaa yetu kazi yake ni nyingine kabisa. Sema ngazi, kisha sema ng'ambo. Kwenye ngazi g inagonga kabisa kooni. Kwenye ng'ambo hakuna g, sauti yote imepita puani. Ukiiondoa ile alama umeandika sauti nyingine. Ni kama kuchukua shamba ukadondosha h, ukabaki na samba, halafu unanitolea macho kwamba nimeelewa. Waganda walishajiondolea tabu hii, wana herufi yao kabisa, ŋ, yenye mkia. Sisi tuna g na kialama pembeni, na kialama ndicho tunachokitupa.

Ngoa ni uchu, au kijicho. Waliokulia pwani wanajua kutimiza ngoa ni nini. Ng'oa ni kung'oa jino. Nakubali maneno pacha ya namna hiyo si mengi, na aliyelelewa na Kiswahili atajikwamua. Lakini anayejifunza je? Na simu zenye sauti ya kuwasomea wasioona, ambazo husoma kilichoandikwa na si ulichokuwa nacho kichwani? Kule Zanzibar kuna Ng'ambo, mitaa iliyokuwa ng'ambo ya kile kijito kilichoutenga Mji Mkongwe kabla hakijafukiwa. Andika Ngambo, jina limebaki halina habari yoyote ndani yake.

Msinielewe vibaya, mimi si polisi wa lugha. Andika cjui, andika 2taonana, andika bila nukta wala mkato, ni meseji, siyo mtihani. Kinachonipandisha presha ni kwamba watu haohao wanahangaika kutafuta x, herufi ambayo haimo hata katika alfabeti yetu, waandike xaxa na xamahani, ila ritifaa ndiyo eti iko mbali kwenye kibodi. Halafu kuna wale wa upande wa pili, hao ndio wananimaliza: wamesikia kuna alama inawekwa mahali fulani, basi wanainyunyiza kama chumvi. Ng'uvu. Ng'oma. Juzi nimeona tangazo la nyumba "yenye ng'azi za ndani". Jaribuni kuitamka hiyo.

Mtasema nimekasirika kupita kiasi. Sawa, basi niwaambie kinachoniuma. Ubini wangu unaanza na Ng', mtanisamehe sitaumalizia hapa. Cheti cha kuzaliwa kina ritifaa. Kitambulisho hakina. Cheti cha kidato cha nne mtu aliigeuza kuwa nafasi tupu, kwa hiyo kule nina Ng peke yake, kisha jina jingine linaanza upya kama vile ni la jirani. Wiki iliyopita nimepeleka vyote ofisi fulani, dada wa dirishani kavipanga mezani, kavitazama, kaniambia: "Kaka, hawa ni watu watatu." Nikamwomba aandike kama kilivyo cheti cha kuzaliwa. "Mfumo haukubali hiyo alama."

Haukubali kwa sababu kwenye amri za hifadhidata, lile ghala la taarifa ndani ya kompyuta, alama hiyohiyo ndiyo inayoiambia mashine kwamba maandishi yameishia hapo, na mtengeneza programu mvivu, badala ya kuishughulikia inavyofundishwa tangu mwanzo wa masomo yake, kaipiga marufuku. Kina O'Brien wa Ireland wanalia kilio hikihiki. Hata ile mistari miwili ya chini ya pasipoti, inayosomwa na mashine, huiondoa ritifaa na kuunganisha herufi, lakini ile ni kanuni moja ya dunia nzima, sina neno nayo. Huku kwetu kila karani ana kanuni yake, na ukilalamika jibu ni lile la grupu la wazazi: si tumeelewa ni wewe?

Hawajaelewa. Kesho saa tatu asubuhi nina miadi na wakili, nalipa hela yangu niape mbele yake kwamba mimi, mimi na mimi ni mtu mmoja.