Dhamana ya uhamiaji Marekani: tuchange, au tunalisha mfumo?

Mfungua mada: Mtu wetu akishikwa na ICE, idara ya Marekani inayokamata wahamiaji, kundi la WhatsApp linafunguliwa usiku huohuo na michango ya dhamana ya kumtoa inaanza. Kuna wanaosema tunailipa serikali inayouza uhuru. Wengine wanasema mtu atoke kwanza, mengine baadaye. Leteni hoja.

Mweka Hazina: Tuanze na hesabu. Hii si dhamana ya kesi ya jinai, ambapo sehemu ya fedha inaweza kutosha. Hapa kima cha chini ni dola 1,500, hakuna kima cha juu kisheria, na inalipwa yote kwa mkupuo. Malipo hupitia mfumo wa mtandaoni wa CeBONDS, fedha ikitoka benki kwa Fedwire au ACH, njia za kuhamisha fedha kati ya benki za Marekani. Mlipaji awe na hadhi halali nchini, mfano raia au mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu). Na jina lililo kwenye fomu I-352, yaani mkataba wa dhamana, ndilo lenye fedha, siyo kundi! Andikishianeni kwanza ni za nani zikirudi.

Mbishi wa Haki: Sawa mkuu, lakini hujagusa swali. Vigezo ambavyo jaji huangalia, vya uamuzi wa 2006 katika kesi ya Guerra, ni anwani, familia, kazi, rekodi ya jinai, alivyoingia nchini na kama huwa anahudhuria mahakama. Uwezo wa kulipa haumo. Wawili wenye rekodi ileile wanapangiwa dola 5,000. Mmoja analala kwake, mwenzake anabaki ndani. Hiyo ni bei.

Dada wa Makaratasi: Ni bei, kaka, sibishi. Ila aliye ndani kesi yake huenda mbio, serikali haimpi wakili, na ushahidi wa ombi la hifadhi ya ukimbizi ataukusanyaje kwa simu ya kizuizini? Ninachopinga ni kuchanga kabla ya kuuliza: aliingiaje? Aliyekuja kwa viza ikaisha, bila makosa yanayolazimisha kushikiliwa, anaweza kumwomba jaji dhamana. Aliyevuka mpaka kutoka Mexiko bila kukaguliwa, kama walivyopita Wakongo wengi, ana shida nyingine. Septemba 2025 Baraza la Rufaa za Uhamiaji liliamua, katika kesi ya Yajure Hurtado, kwamba majaji wa uhamiaji hawana mamlaka ya kumpa dhamana. Majaji wengi wa mahakama za shirikisho wameikataa tafsiri hiyo, kwa hiyo inategemea ameshikiliwa wapi. Huyo fedha ya kwanza iende kwa wakili wa habeas corpus, yaani ombi kwa mahakama ya shirikisho ipime kama anashikiliwa kihalali.

Mbishi wa Haki: Na kampuni za dhamana je? Zinatangaza kila mahali.

Mweka Hazina: Ada yao hairudi, mara nyingi asilimia 15 au 20, na bado watadai rehani. Kwa dola 8,000, asilimia 20 ni 1,600 zimekwenda, hata mtu akishinda. Ukilipa mwenyewe zinarudi kesi ikiisha, ameshinda au ameondoshwa, ilimradi hakukiuka masharti.

Dada wa Makaratasi: Hapo kwenye "ilimradi" ndipo fedha za watu zinapozama. ICE ikimtaka mtu, barua I-340 ya kuagiza aletwe inatumwa kwa mdhamini, yaani aliyelipa. Mdhamini akiwa amehama kimyakimya, tarehe inapita, inafuata I-323, barua ya kwamba dhamana imevunjwa, na fedha yote imetwaliwa. Rufaa ni fomu I-290B ndani ya siku 30. Mdhamini akihama ajaze I-333 ya kubadili anwani. Aliyeachiwa naye akihama ana EOIR-33 ya kuiarifu mahakama ya uhamiaji, ndani ya siku 5 za kazi. Hizo ni fomu mbili tofauti, moja haifidii nyingine.

Mbishi wa Haki: Kwa hiyo mwenyekiti asidhamini kwa heshima ya cheo tu.

Mweka Hazina: Adhamini asiyehamahama na anayefungua barua zake. Risiti ya malipo, I-305, itunzwe. Ikipotea ni kiapo cha I-395. Barua I-391 ya kufutwa dhamana ikifika, madai ya kurudishiwa fedha yanakwenda ofisi ya madeni ya ICE, jimbo la Vermont.

Mbishi wa Haki: Bado nasema ni bei.

Dada wa Makaratasi: Nami bado nauliza, aliingiaje?