Gogo wa Madagaska na gogogo wa Ziwa Victoria: ni ukoo mmoja?

Mwalo_Kati: Habari wakuu. Kwenye orodha ya samaki wa maji baridi wa Madagaska kuna jenasi (kundi la spishi za karibu) inaitwa Gogo. Kwetu gogogo ni Synodontis, jenasi nyingine ya jamii ya kambale. Hawa ni ndugu? Na nikitaka kuhakikisha kwa DNA, sampuli ichukuliwe vipi?

Sharubu3: Si ndugu wa karibu. Jina Gogo ni la Kimalagasi; Ng na Sparks walilitumia kuunda jenasi hiyo mwaka 2005. Familia ni Anchariidae, haipatikani nje ya Madagaska: Gogo spishi 4, Ancharius 2. Mwaka 2006 jeni za rag1 na rag2 ziliwaweka ubavuni kwa hongwe (Ariidae), wale wa baharini ambao dume huatamia mayai mdomoni. Gogogo yuko kwenye tawi la familia za Afrika. Masharubu yasikuchanganye: wote wana jozi 3.

Ukichora mti wako wa undugu bila kumweka hongwe, Gogo atajibandika kwa yeyote aliye karibu, nawe utaamini. Weka hongwe, gogogo na kambale mumi kwa pamoja. Saitokromu b (jeni ya mitokondria inayotumika sana kulinganisha spishi) peke yake haitoshi. Kwa matawi ya zamani hivi, nafasi ya tatu ya kila kodoni (herufi tatu za DNA) imeshabadilika mara nyingi mno, hadi dalili ya undugu imefutika.

Pezi_la_Mafuta: Sampuli ya DNA kwanza, fomalini (dawa ya kuhifadhi mwili wa samaki) baadaye. Ukigeuza mpangilio umeharibu, maana fomalini huifunga DNA na protini na kuikatakata. Kata kipande cha pezi au msuli, kisizidi sentimita 0.5, tumbukiza kwenye ethanoli (alkoholi) ya 95%, ujazo mara 10 ya nyama. Kesho yake badilisha ethanoli. Ya kwanza imeshanyonya maji ya nyama na kupungua nguvu. Kisha samaki mzima kwenye fomalini ya 10%, aliyezidi sentimita 10 umpasue tumbo kidogo, la sivyo utumbo utaoza kabla dawa haijafika. Mwisho msuuze, umhifadhi kwenye ethanoli ya 70%. Namba ya sampuli na ya samaki iwe moja, kwa penseli, wino huyeyuka.

Mwalo_Kati: Asanteni sana. Basi wametengana tangu Madagaska iachane na Afrika?

Sharubu3: Hapo usikimbilie. Kisiwa kiliachana na Afrika miaka kama milioni 160 iliyopita, na India kama milioni 88. Lakini ndugu zao wa karibu huishi kwenye chumvi, hivyo babu yao huenda alipita baharini. Mti unakuonyesha undugu. Njia waliyopitia hauionyeshi.