Mrejesho: iPadOS 26 nimeshaiweka

Hamjambo nyote, mimi ndiye nilouliza kama niweke iPadOS 26, yaani mfumo wa Apple unaoendesha iPad, kwenye tableti ya kazi au niache, napokea buking za jahazi hapa Lamu na msimu ndo huu. Ahsanteni sana mlonijibu, wengine mlisema weka, wengine mkasema thubutu.

Nimeweka, na haya madirisha wallahi nimeyapenda, WhatsApp kushoto kalenda kulia, mgeni akiuliza Jumamosi kuna nafasi ya kwenda kisiwa cha Manda Toto naangalia namjibu papo hapo, sitoki huku nikaingia huku.

Kakangu mwalimu yeye hataki hata kusikia. Alizoea Slide Over, kile kidirisha cha programu kinachoelea pembeni juu ya nyingine, nayo iliondolewa toleo lilipotoka Septemba 2025, nikamwambia imerudi kwenye toleo la 26.1 akaweka, kapoa kidogo ila asema si ile ya zamani, sasa inashika programu moja tu, na kweli. Pia ule muonekano wa kioo unamsumbua macho akiwa nje juani. Kwa hilo ingieni Settings, Accessibility, Display & Text Size, washeni Reduce Transparency, maandishi yanakuwa na mandhari iliyokoza yanasomeka. Mie naona hii ingekuja imewashwa tangu mwanzo, wazee wetu wengi hawatajua iliko.

Mwenye iPad kizazi cha 7 asihangaike, inaanzia cha 8. Na jamani hifadhini vitu vyenu kwanza, chaji ijae ndo muanze, umeme wa kisiwani mnaujua.